Ni koo lipi hilo tunalolipima?

Habari za kutia moyo kuhusu saratani hutufikia kwa vishindo. Kila baada ya muda, redio na magazeti hutangaza kwamba wataalamu wa ng'ambo wamepata protini iwezayo kufichua saratani ya koo mapema, kwa tone la damu au kwa mate tu, na msomaji mwenye jamaa mgonjwa huikata habari hiyo akaiweka akiba. Sina ugomvi na wataalamu hao. Ugomvi wangu ni na neno moja fupi la silabi mbili, neno koo, ambalo katika habari hizo hutwikwa mzigo usioweza kubebwa nalo.

Aliyekwamwa na tonge la ugali husema limemkwama kooni. Aliyeshangilia mpira uwanjani hata sauti ikapotea husema koo limemkauka. Anayeumia akimeza mate kwa sababu ya mafindofindo husema koo lamwuma. Hao ni watu watatu wanaotaja viungo vitatu kwa jina moja. (Naliacha kando koo la kuku, yaani kuku mtagaji, pamoja na koo za watu, ambazo ni wingi wa ukoo.) Katika mazungumzo ya barazani hakuna hasara yoyote, kwani msikilizaji huelewa kutokana na muktadha. Hasara huanza pale neno hilo linapovuka mlango wa hospitali. Huko, saratani ya kila kimojawapo cha viungo hivyo ni maradhi mbali, yenye visababishi vyake na matibabu yake. Na protini iiashiriayo moja yaweza kuwa bubu kabisa kuhusu nyingine.

Walimu wa Kiswahili wana bahati katika jambo hili, ingawa wengi hawajaitambua. Hakuna mwalimu wa kidato cha kwanza asiyepata kuchora ubaoni ule mchoro wa ala za kutamkia: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi, chemba ya pua, koromeo na nyuzi za sauti. Sisi wanaisimu huutumia kuonyesha /p/ hutamkiwa wapi na /h/ hutamkiwa wapi. Daktari wa masikio, pua na koo akiutazama mchoro uo huo huona ramani ya saratani. Tofauti ni kwamba sisi tumeridhika na majina legelege. Vitabu vyetu vya fonolojia huita koromeo pale penye nyuzi za sauti, ilhali wapo waandishi wa sayansi ambao mahali hapo hupaita zoloto, na jina koromeo wakalipa ule uwazi ulio nyuma ya kinywa na pua. Mimi naona hao wa sayansi wana haki, na katika makala haya nitawafuata. Zoloto ni kisanduku cha sauti. Koromeo ni uwazi ulio nyuma ya pua na kinywa, unaoshuka hadi nyuma ya zoloto. Umio ni mrija upelekao chakula tumboni.

Tuanze na koromeo, maana huko ndiko protini imepata cheo kikubwa kuliko kwingineko.

Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani waliieleza protini waliyoiita p16. Jina hilo halina siri: herufi ni ya neno protini, na 16 ni uzito wake, takriban kilodaltoni 16. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Kwa ufupi, ni breki. Sasa kuna kirusi kiitwacho HPV, ambacho wengi wetu tunakijua kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi na chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Aina moja ya kirusi hicho, ile ya 16, hupenda pia kujificha katika mafindofindo na shina la ulimi. (Hii 16 na ile ya p16 hazina udugu wowote. Hii ni nambari ya zamu katika orodha ya aina za kirusi, na mtu akizichanganya si wa kulaumiwa sana.) Kirusi kikishaingia katika seli huiharibu protini nyingine iitwayo Rb, ambayo ndiyo ipokeayo amri ya breki na kuitekeleza. Seli nayo hujitutumua kutengeneza p16 zaidi na zaidi bila ya kufua dafu. Ni kama dereva wa matatu anayeteremka mlima ilhali breki zimekatika: hukanyaga, akakanyaga tena, na gari laenda.

Basi daktari wa patholojia hukichukua kipande cha nyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe, akakitia dawa ya kuipa p16 rangi, akakitazama kwa hadubini. Akiona kwamba seli zisizopungua asilimia 70 zimekolea rangi, ndani ya kiini na nje yake, huandika kwamba p16 ipo. Msomaji azingatie kwamba hapa hapana tone la damu. Pana kisu, pana kipande cha nyama, na pana jicho la mtaalamu.

Alama hii ndogo imegeuza hata namna ya kuhesabu madaraja ya ugonjwa. Januari 2018, madaktari wa Marekani, na wengi wa kwingineko, walianza kutumia toleo la nane la mwongozo wa kuipanga saratani, ambalo limeitenga saratani ya sehemu ya koromeo iliyo nyuma ya kinywa katika mafungu mawili: yenye p16 na isiyo nayo. Chukua wagonjwa wawili. Kila mmoja ana uvimbe wa sentimita tatu katika findo, na tezi mbili ndogo shingoni upande ule ule ambazo saratani imezifikia lakini haijazitoboa. Kwa macho na kwa picha za eksirei huwezi kuwatofautisha. Kwa mwongozo mpya, mwenye p16 yumo katika daraja la kwanza, naye asiye nayo yumo katika daraja la nne. Hakuna aliyepunguziwa uvimbe kwa kalamu. Kilichotambuliwa ni kwamba saratani iletwayo na kirusi husikia dawa na mionzi kuliko ile iletwayo na tumbaku na pombe. Utafiti mashuhuri uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa koromeo waliokuwa wamefikia madaraja ya juu kwa hesabu ya zamani, asilimia 82 ya wale wenye HPV walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 57 ya wasiokuwa nayo.

Hapa mwanaisimu hana budi kutia neno kuhusu istilahi, kwani mambo mawili yanaweza kumpoteza mgonjwa. La kwanza ni neno chanya. Katika nchi iliyopitia msiba wa UKIMWI, mtu akiambiwa matokeo yake ni chanya, moyo humpasuka kabla sentensi haijakwisha. Katika saratani ya koromeo, kuambiwa kwamba p16 ni chanya ni afadhali, tena afadhali kubwa. Ndiyo maana napendelea daktari aseme p16 ipo au haipo, aachane na uchanya na uhasi ambao katika Kiswahili cha kila siku umekwisha kuwa hukumu.

La pili ni neno hatua. Wengi husema saratani ipo katika hatua ya kwanza au ya nne. Hatua ni mwendo wa mguu, nayo yadokeza kwamba aliye katika ya kwanza kesho atakuwa katika ya pili, na kwamba wote wanatembea njia moja. Daraja ni mpango tu wa kuwaweka pamoja wanaofanana kwa matarajio yao. Mgonjwa wetu wa p16 hakurudi nyuma hatua tatu. Amepangwa upya katika daraja jingine kwa kuwa tumejifunza zaidi juu yake. Nakubali kwamba hatua limeenea na huenda likashinda, maana lugha haiendeshwi na maprofesa, lakini nitaendelea kusema daraja hadi nichoke.

Na hata daraja likitajwa sawasawa, halisemi kila kitu. Kwa kuwa wenye p16 hupona vizuri, palizuka wazo la huruma kwamba wapunguziwe ukali wa dawa. Badala ya sisplatini, dawa inayochosha mwili na kudhuru figo na masikio, wapewe dawa nyingine iitwayo setuksimabu. Tafiti mbili kubwa zilizotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba waliobadilishiwa dawa walikufa zaidi na saratani ikawarudia zaidi. Kiashiria kilikuwa kimesema kweli kuhusu matarajio ya mgonjwa. Watu ndio waliokisomea maneno ambayo hakikuyasema.

Kuna tahadhari nyingine ituhusuyo sisi wa Afrika hasa. p16 si kirusi chenyewe, ni kivuli chake, na kivuli chaweza kutupwa na kitu kingine. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 7,000 kutoka nchi mbalimbali ambao walipimwa p16 na HPV pia. Katika karibu mgonjwa mmoja kwa kila 11, vipimo viwili havikuafikiana: p16 ipo na kirusi hakipo, au kinyume chake. Wagonjwa hao hawakupona kama wale ambao vyote viwili vilikuwapo. Tena, kadiri saratani zitokanazo na HPV zilivyokuwa chache katika eneo fulani, ndivyo p16 peke yake ilivyozidi kupotosha. Tafiti zilizofanywa kusini mwa Sahara zimeelekea kuonyesha kwamba huku kwetu sehemu ndogo tu ya saratani za koo hutokana na kirusi hicho. Kwa hiyo mwongozo uliotungwa kwa wagonjwa wa Marekani, ukiletwa Nairobi au Kisumu na kutumiwa bila ya kipimo cha kirusi chenyewe, waweza kumweka mtu katika daraja la kwanza naye si wa huko. Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima wa Machakos atakuambia ni mawingu mangapi aliyoyaona yakipita.

Juu kidogo ya hapo, nyuma ya pua, mambo ni mengine tena. Saratani ya sehemu hiyo ya koromeo imejulikana Kenya tangu miaka ya 1960, wakati daktari mpasuaji Peter Clifford alipoichunguza na kuiandikia akiwa Nairobi. Hiyo hufuatana na kirusi kingine, cha Epstein na Barr, na zipo protini za kinga ambazo mwili huzitoa dhidi ya kirusi hicho na ambazo hupimika katika damu. Kusini mwa China, ambako ugonjwa huo ni mwingi, vipimo vya damu vya aina hiyo vimetumiwa kwa miongo kadhaa kuwachuja watu wanaostahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba kipimo cha damu cha saratani ya koo kipo, huenda habari ni ya kweli tupu, ila ni ya pembe hiyo moja ya koo, na hata huko mwisho wake ni kipande cha nyama chini ya hadubini.

Tukiteremka hadi kwenye zoloto, p16 hupoteza cheo chake. Haitumiki kupanga daraja la saratani ya zoloto, ambayo hasa ni ugonjwa wa wavutaji tumbaku. Zipo protini za damu ambazo hupanda kwa baadhi ya wagonjwa, mathalan ile iitwayo antijeni ya SCC, iliyotolewa kwanza kutoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1977, na vipande vya saitokeratini ya 19. Protini hizi zina kasoro moja kubwa: hazina mahali. Hupanda katika saratani ya mapafu, ya umio, ya mlango wa kizazi, na hiyo antijeni ya SCC hupanda hata kwa mtu mwenye magonjwa fulani ya ngozi au figo mbovu asiye na saratani yoyote. Na mwenye uvimbe mdogo wa zoloto, yule hasa ambaye tungependa kumwahi, mara nyingi damu yake haionyeshi lolote. Faida yake ipo zaidi katika kumfuatilia aliyekwisha kutibiwa, kuona kama kiwango kilichoshuka kimeanza kupanda tena.

Halafu lipo umio, nalo ndilo linalonifanya niandike.

Mkenya asemapo fulani amefariki kwa saratani ya koo, mara nyingi anamaanisha saratani ya umio. Ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini, na katika sehemu za Bonde la Ufa na magharibi hapakosi familia inayoijua. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza nyama, akahamia uji, na mwishowe hata maji hayapiti. Visababishi vyake havijaelezwa vyote. Tumbaku na pombe zimo, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi yamkini husababisha saratani ya umio. Chai yetu imo katika hesabu hiyo, si kwa sababu ni chai bali kwa sababu ya moto wake. Kwa saratani hii, p16 haina kauli, na hakuna protini ya damu ambayo daktari anaweza kuitegemea kuitambua mapema. Kinachofaa ni kuingiza mrija wenye kamera na kutazama. Huko Bomet, madaktari wa hospitali ya Tenwek wamekuwa wakinyunyizia umio wa watu wasio na dalili maji ya iodini, ambayo huzipaka rangi seli nzima na kuziacha nyeupe zile zilizoanza kuharibika. Ni kiashiria pia, ingawa hakina jina la kisasa wala hakitangazwi kwa vishindo.

Sasa mfikirie mtu wa Bomet ambaye chakula kimeanza kumkwama, naye amesoma kwamba kipimo cha saratani ya koo kwa tone la damu kimepatikana. Kwa lugha aliyo nayo, habari hiyo inamhusu. Anaweza kuamua kungoja kipimo kifike hospitali ya karibu, au akapimwa damu kwa ajili ya kitu kingine, akaambiwa haina neno, akarudi nyumbani ameridhika. Miezi mitatu ya kuridhika namna hiyo ni mingi mno kwa ugonjwa wa umio. Hakudanganywa na mwandishi wala na daktari. Amepotezwa na jina.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuyaacha mambo haya katika Kiingereza, ambamo kila kiungo kina jina lake. Hoja hiyo naijua tangu nikiwa mwanafunzi na haijanishawishi. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na anayeugua ndiye wa kwanza kustahili kuelewa ni nini kinachomwua. Isitoshe, neno saratani lenyewe lafundisha kwamba lugha haina haja ya kuona haya. Ni neno la Kiarabu la mnyama kaa, kama vile Wagiriki na Warumi wa kale walivyouita ugonjwa huu kwa jina la kaa wao. Kila jamii iliazima picha ile ile ikaitia katika maneno yake, na hakuna aliyesema elimu imeharibika. Wala hatuhitaji kubuni: umio, zoloto na koromeo ni maneno yaliyomo kamusini. Yamekosa wasemaji tu.

Kwa neno la kuitia protini hizi, napendekeza kiashiria. Dalili ni kile akihisicho mgonjwa mwenyewe: sauti kukauka, tonge kukwama, uvimbe shingoni usiouma. Kiashiria ni kile ambacho mwingine hukipima mwilini mwake. Mwandishi wa habari akizingatia tofauti hiyo atajiuliza, kabla ya kutangaza, kiashiria hiki ni cha kiungo gani, na ni cha kutambua ugonjwa, cha kupanga daraja, au cha kufuatilia matibabu. Maswali hayo mawili hayachukui nusu saa, na majibu yake yaingia katika aya ya kwanza ya habari bila ya kuisonga.

Kwa walimu nina maombi mawili. Kazi yao ni ya sauti, na sauti ya mwalimu hukauka mara kwa mara kwa sababu zisizo na hatari. Lakini ikikauka kwa zaidi ya wiki tatu bila ya mafua, zoloto linastahili kutazamwa na daktari kwa kioo au kamera, na hilo halingoji protini yoyote. La pili linahusu ule mchoro wetu wa ala za kutamkia. Katika vitabu vingi umio haumo, kwa kuwa hakuna sauti itamkiwayo huko. Naomba utiwe hata hivyo. Ni mstari mmoja wa chaki nyuma ya zoloto, ukishuka kuelekea kifuani, na jina lake kando.